Ghadhaf ya Odense

Nyuma ya gereji za rangi,
Wadi Kabir,
Maskati.

8 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Bashayer,

Assalamu alaykum. Kabla ya lolote, kifua kimepona? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa ukikohoa, ukaniambia ni vumbi la maabara, nami sikukuamini hata kidogo. Chemsha tangawizi, tia asali, unywe ikiwa moto. Na uvae soksi, maana najua huvai.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto likitaka linatembea, likitaka linagoma. Jicho nshatolewa mtoto wa jicho, na sasa naona mpaka vumbi la juu ya kabati la mke wa Hisham. Nimenyamaza, mwanangu, lakini naliona. Joto nalo limeanza kulegea, asubuhi tunafungua dirisha kabla gereji hazijaanza kugonga mabati.

Utashangaa kupata barua badala ya sauti yangu ya simu. Ukituma sauti nyumba hii wote wanasikiliza, na haya nnayotaka kukwambia ni yangu na yako. Halafu karatasi hii ina kazi nyingine, utaiona mwishoni.

Mzigo wako umefika. Hisham ndiye aliyeuleta kutoka posta, lile bomba refu la karatasi ngumu, akaniuliza, "Mama, Bashayer kakuletea bunduki?" Nikamnyang'anya, nikaingia nalo chumbani, nikafunga mlango.

Nilipolichomoa lile jani nilikaa kitako. Wallahi nilikaa. Jani zima la ghadhaf, upepeo kamili, na rangi ile ile ya majivu yenye kibuluu. Si yale majani ya utoto, membamba kama nyasi, uliyokuwa ukinipigia picha miaka yote. Hili jani la mtu mzima! Nikalinusa. Lanukia wadi ya Qurayyat, lile bonde letu la mawe, na limetoka Odense, Denmark.

Nilikumbuka siku tulipoziokota zile mbegu, ulipokuja likizo mwaka wa pili wa masomo yako. Mbegu nane, ngumu kama gololi, ukazifunga kwenye pembe ya leso yangu. Nikakwambia huu ndio mwaa wa huku, mtende mfupi wa mwitu, unaota kwenye mawe matupu na baridi ya milimani haiuui, basi jaribu huko kwenu. Nilisema kukufurahisha tu. Nilidhani zitaishia kwenye droo ya meza, kumbe imetoka miche mitano, na miaka kumi na moja baadaye naletewa jani.

Sikuweza kukaa nalo nyumbani. Siku ya pili yake nikalibeba mpaka Matrah, kwa Bakhita, yule msusi wa mikeka nnayekwenda kukaa naye dukani kwake. Unamjua Bakhita, hajapata kusifu kitu tangu azaliwe. Akalikunja, akaichana ncha yake kidogo kwa ukucha, akasema, "La wadi gani hili? Lina nyuzi nzuri." Nikamwambia la kwenye theluji. Akanicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nikamtolea picha yako ya Januari, mti umesimama umevaa kofia ya theluji na wewe pembeni pua nyekundu. Akatazama, akatazama tena, kisha akawaita wenziwe wa maduka ya jirani waje waone. Nilijidai, mwanangu. Sikujidai kidogo, nilijidai sana.

Wakaniuliza umefanyaje, nami nikaeleza kama kwamba nimepanda mwenyewe. Kwamba baridi kavu mti huu unaistahamili, kinachouua ni maji yanayolala moyoni mwake wakati wa baridi. Kwamba umeinua kilima cha changarawe, ukaupanda ubavuni mwa ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ikifika Novemba unayakusanya majani juu kwa kamba, unautilia paa la plastiki lisilo na kuta ili upepo upite. Bakhita akasema, "Huyo fundi." Neno fundi kutoka kinywani mwa Bakhita! Liandike mahali.

Sasa nikae sawasawa, maana hapa ndipo penyewe. Babako.

Najua inavyokuuma. Kila nikikupigia unaniuliza baba hajambo, na kabla sijajibu unahamia kwenye goti langu. Miaka sita hajakusemesha, tangu siku uliyomwambia umepata kazi huko na hurudi kuangalia mitende ya Qurayyat kama mlivyoagana. Huyu kaka yangu Murshid akishatoa neno hulikalia kama kuku juu ya yai, hata likiwa yai bovu. Mbele ya watu alisema, "Nimempeleka akasomee mimea, kaenda kusomea theluji." Na marehemu mamako hayupo wa kumlainisha. Nilibaki mimi, na mimi ananiona bado mdogo wake wa kutumwa maji.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Qurayyat na jani langu ndani ya bomba. Tulipomaliza kula nikaliweka mkekani mbele yake. Akalichukua, akalipeleka mlangoni penye mwanga. "Hili mmelitoa wadi gani?" Nikamwambia la Odense. Akanitazama kama nimemtukana. Akaenda kunawa mikono, na alikuwa keshanawa. Akarudi, akaligeuza upande wa chini, akaanza kuihesabu mikunjo kwa kidole. Mimi nala tende zangu kama sina khabari.

"Baridi ilifika wapi?" akauliza.

Nikamwambia digrii kumi na moja chini ya sifuri.

"Kaufunika kwa kitu gani?"

Bashayer, nusura nipige vigelegele. Jina lako hakulitaja, lakini ni wewe huyo aliyekuwa akikuuliza. Nikamweleza changarawe, ukuta, kamba, plastiki, naye anatikisa kichwa kila neno. Nilipofika kwenye maji, kwamba wakati wa baridi huupi hata tone, akalishika jani kwa mikono miwili, hanitazami tena. Mimi najua kwa nini.

Sikiliza, mwanangu. Kuna jambo nimekuficha miaka minne, na leo nalitoa, akasirike atakavyokasirika. Unakumbuka baridi ile ulipoihamishia miche yote mitano bustanini? Nikakupigia nikakwambia uimwagilie, uimwagilie kila siku ya pili, mtende hauogopi maji. Ukanitii. Ukaoza wa kwanza, ukaoza wa pili, mpaka minne ikaisha, ukabaki huu mmoja wa ukutani ambao mpira wako wa maji ulikuwa haufiki. Ukanambia, basi Shangazi, hukukusudia. Nami nikaibeba lawama.

Yale maneno hayakuwa yangu. Mimi nasuka majani, kumwagilia nakujulia wapi? Yalikuwa ya babako. Miaka miwili hakusemeshi, akasikia kwangu kwamba umeiotesha mitende kwenye nchi ya barafu, usingizi ukamruka. Akanipigia simu mwenyewe. "Mwambie hivi na hivi, na usimwambie nimesema mimi." Akaniapisha. Alisema kama mtu anavyoitunza mitende ya hapa, yenye jua la kuyanywa maji yote kabla ya adhuhuri. Huko kwenu jua lenyewe mnaliomba.

Nilipompa khabari kwamba minne imekufa, alikata simu. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, wala mti wala wewe. Mimi nikadhani hasira zimemzidi. Kumbe si hasira, Bashayer, ni haya. Mtu aliyelea mitende umri wake mzima, Qurayyat nzima wanakuja kumuuliza yeye, neno lake ndilo lililoua miti ya binti yake, na binti mwenyewe hajui. Angekupigia angeanzia wapi?

Ijumaa ile kalisema kwa kinywa chake. "Mimi ndiye niliyeiua, Mahbuba." Nikamwambia, mmoja umekushinda. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema vumbi. Mlango ulikuwa umefungwa na upepo hamna, lakini nikamwambia kweli, leo vumbi jingi.

Jani sasa hanipi. Nilitaka kulichana nisuke pepeo dogo la mkono nikuletee, amekataa katakata, tukagombana kama watoto. Nikamwambia kuwa nimeletewa mimi, na jina langu liko juu ya bomba. Akasema basi nichukue bomba. Kalitundika kwenye majlisi yake, juu kabisa, pale mgeni akiingia ndipo jicho lake linapofikia. Shaikha, mke wa jirani yake Jaifar, kanipigia juzi kunihadithia. Jaifar huyo ndiye aliyekuwa akimchokoza kila siku kuhusu mtoto aliyepotelea Ulaya. Safari hii hajaketi wala hajapewa kahawa, babako keshamuuliza, "Unajua hili limeota wapi? Kaliotesha binti yangu Bashayer." Jina lako, kwa sauti, mbele za watu! Shaikha alilisikia yuko jikoni.

Na mimi nna fahari nawe, mwanangu, fahari mpaka naogopa kijicho. Minne ilipokufa wewe uliutazama wa tano. Ungeweza kuung'oa huo mmoja uliobaki ukapanda maua kama majirani zako, na hakuna ambaye angekulaumu. Nakwambia leo, usije ukasema hukuambiwa.

Nimemshauri babako aende akauone mti kwa macho yake. Pasi anayo, mavuno yamekwisha, na Hisham kasema atamshughulikia viza. Anasema kifua chake hakiwezi baridi. Anasema nani atamwangalizia mitende. Mara ya mwisho kanambia polepole, "Nikifika nimwambie nini?"

Basi nimefanya hivi. Ijumaa hii nakwenda tena Qurayyat. Nitamwekea barua hii mbele yake, imefunguliwa, na kalamu juu yake, asome yote niliyomsema, kisha nitaondoka nikae na Shaikha. Nimeacha nafasi chini ya jina langu. Ikikufikia nafasi hiyo ni tupu, usilie, ujue tu kwamba nimejaribu na kwamba jani bado limetundikwa.

Hisham na mkewe wanakusalimu sana. Wijdan wao anauliza kama theluji inalika na asali, mjibu wewe. Bakhita kasema ukipata majani mawili mengine umkumbuke, na usimwambie nimekwambia, maana anajifanya hataki. Jirani zako wa huko nao nisalimie, hasa yule bibi anayekuangalizia mti ukisafiri.

Mwenyezi Mungu akuweke, akupe afya na moyo mkunjufu, na mikono yako izidi kuotesha kila inachogusa. Amin.

Shangazi yako akupendaye,
Mahbuba




Bashayer, usiumwagilie maji mpaka nije.
Babako