Unga wa Mchele Ulioenda kwa Haron

Kangemi, nyuma ya soko,
Nairobi.
Jumatatu, 10 Septemba 2007.

Mpendwa mpwa wangu Ivyne,

Pokea salamu za mjomba wako mkubwa. U mzima huko Japani? Baridi haijaanza kukung'oa masikio? Sisi tunapumua. Anti yako Nakhumicha mgongo umemwachilia. Mimi nguvu zangu unazijua: juzi pale mjini, kwa stoo ya vitambaa ya Viraj, nilipandisha marobota mawili mpaka gorofa ya tatu huku napiga mluzi. Viraj mwenyewe alikuja kuangalia kama kuna mtu mwingine ndani ya koti langu.

Mama yetu, Kukhu wako, alifika kutoka Kimilili kutibiwa macho. Anakaa kwa mdogo wangu Haron, kule Woodley, ati kwa sababu choo kiko ndani. Sawa.

Sasa Ivyne, kuna neno. Nimesikia ulimtumia Haron pakiti ya unga wa mchele, ule unaonata, na maelezo ya kuoka donati za chai, mpaka na picha. Nilisikia kwa mdomo wake, nje ya kanisa, mbele ya watu. "Kaka, Ivyne amenikumbuka!" Amenikumbuka! Kwani ni nani alikuvusha mto Kamukuywa ukiwa na surua, maji shingoni, mamba wakinipisha? Siku hizo Haron alikuwa anaogopa hata mbuzi. Nilicheka tu mpaka meno yakaniuma.

Nikaamua nitaoka zangu. Nilinunua mchele wa pishori, nikaupeleka kwa mashine ya posho. Aliyenitangulia alikuwa amesaga wimbi, basi unga wangu ukatoka kahawia. Mungai mwenye mashine akasema, "Mzee, huu ni wa uji tu." Nikamwambia yeye asage, mambo ya Japani aniachie mimi.

Nilichemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi kama lami, nikakandia unga. Oveni sina, lakini sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko inaishinda ya Haron. Harufu ilivuka Waiyaki Way ikafika Spring Valley, mbwa wa matajiri wakasahau kubweka. Nakhumicha anasema ilikuwa harufu ya kuungua, lakini yeye alikuwa na mafua.

Jana baada ya ibada nikazibeba hadi Woodley. Haron naye alikuwa ametoa zake, zinang'aa, mviringo kama bangili. Nilionja moja. Ilivutika kama mpira wa manati, chai ikabaki ulimini. Nitasema nini? Ilikuwa inalika.

Tukaweka sahani mbili mbele ya Kukhu. Haron akamwambia, "Mama, sema ukweli, tamu ni ya nani?"

Unajua Kukhu hana meno ya kujivunia. Akauma ya Haron, ikamvuta, naye akaivuta. "Haron, chakula gani hiki kinapigana na mtu?" Akaiweka chini. Akashika yangu, ikamvunjikia mkononi, akaitumbukiza kwa chai akala na kijiko. Akaongeza nyingine. Sahani yangu ikaisha! Nikamgeukia Haron: "Umeona, kijana?"

Kisha Kukhu akauliza, "Huu unga wa kuvutika umetoka wapi?" Haron akamjibu ni wewe uliutuma. Ivyne, yule mama aliichukua ile donati aliyoiuma, akaifunga kwenye ncha ya leso yake, pale anapofunga vitu vyake vya thamani, akakaza fundo. "Cha mjukuu wangu hakitupwi," akasema.

Zangu aliziteremsha kwa chai zikaisha. Ile iliyomshinda ndiyo amelala nayo.

Mimi sina wivu, uliza mtu yeyote. Nakuomba tu, ukituma kitu tena, kipitishe kwangu. Hata kikiwa cha Haron, andika jina langu juu, nitampelekea kwa miguu yangu. Nataka siku moja Kukhu aulize kitu kimetoka wapi, na mimi ndiye nimjibu.

Nakhumicha anakusalimu. Kukhu anakusalimu sana, anataka kujua kama mnakula ugali. Haron pia anakusalimu, ingawa najua alishakusalimu mwenyewe. Mungu akuzungushie ukuta huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima na mwenye akili zako.

Wako akupendaye kuliko wajomba wote ulio nao,

Zedekiah.