Maneno Mawili Niliyoshindwa Kusema Burat

Dada Dahabo,

“Marehemu alijiondoa kwa hiari yake, baada ya kuelewana nasi. Alikuwa mtu wa benki. Alijua bei yake.”

Hayo yamesemwa redioni Jumatatu hii asubuhi na msemaji wa yule mgombea uliyekuwa ukishindana naye kutafuta ugavana. Alisema akicheka, na mtangazaji akacheka naye. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilizima redio nikatafuta kalamu, povu likiwa bado limeganda upande mmoja wa uso, kwa sababu unanijua: miaka ishirini sasa mimi hujibu uongo gazetini kabla haujapoa.

Na huu ni uongo, Dada. Hukuelewana na mtu. Watu wa mgombea huyo walikuja kwako, ndiyo, na magari mawili, wakakuahidi uwaziri wa fedha wa kaunti ukiwapisha njia. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wako nikila nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, mafuta yamenijaa vidoleni. Ukawasikiliza mpaka mwisho, ukawamiminia maziwa ya ngamia, kisha ukawaambia, “Nikitaka kazi ya fedha nitarudi benki. Huko angalau kuna kiyoyozi.” Mmoja wao ndiye huyu anayecheka redioni leo. Aliondoka bila kumaliza maziwa yake. Kwa hiyo anajua vizuri kwamba anadanganya, na anajua kwamba mimi pia najua. Kitu kinachompa ujasiri ni kwamba mimi nimenyamaza.

Niliandika hayo yote ukurasa mmoja, kwa hasira tamu ile ya zamani. Kisha nikafika mahali pa kueleza: kama hukununuliwa, ni nani basi aliyekuondoa? Kalamu ikasimama. Nilikwenda kwenye kioo kumalizia ndevu, nikamwona amesimama pale na povu lake.

Ndiyo sababu nimeichana makala ile na badala yake nakuandikia wewe.

Nikupe habari kwanza. Picha zako bado ziko kwenye ukuta wa mabati karibu na soko la maziwa. Jua limekula rangi ya leso yako, uso umebaki. Wale akina mama wa maziwa wamekataa mtu yeyote abandike picha nyingine juu yako. Kule Rapsu wakulima bado wanasimulia siku ile ulipowaeleza bajeti kwa mitungi ya maji. Uliipanga kwenye vumbi, ukawa unaiondoa mmoja mmoja, huu umekwenda kwenye magari, huu kwenye safari, huu haijulikani, mpaka mzee mmoja akapiga kelele, “Mama, simama, tutakufa kiu!” Watu wakacheka sana, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Nilikuwa nyuma nikiandika. Nilijiambia, nimesoma vitabu mpaka vinalala na mimi kitandani, na sijawahi kuwafanya watu waelewe kitu namna hii.

Nilikuwa na wivu, Dada. Niliseme sasa hivi kabla sijajipamba.

Shemeji, mume wako, yuko salama. Ananisalimia. Kila Ijumaa msikitini ananipa mkono, ananiuliza habari ya nyumbani, ananiuliza kama sukari yangu imeshuka. Ingekuwa afadhali anitemee mate. Inaonekana hukumwambia.

Talaso ndiye anayeumia. Binti yako bado anauza katika lile duka la dawa, na majuzi mama mmoja alimrudishia chenji yake kwenye kaunta, mbele ya watu, akamwambia, “Iweke hii pamoja na zile mama yako alizochukua kutuuza.” Talaso alifunga duka, akaja kwangu kwa miguu katika joto la saa nane, akaketi, akaniuliza swali moja: “Abba Wario, wewe ulikuwa ndani ya kile kikao cha wazee kule Burat. Mama alichukua kitu?” Nilimwambia hapana, hakuchukua kitu. Akauliza, “Sasa kwa nini aliacha?” Nikasema nitamjibu. Siku tatu sasa bado sijamjibu.

Unakumbuka tulipokuwa tunachunga mbuzi wa baba yako karibu na Kinna? Mzee alitukataza kuwahesabu. Kuhesabu mifugo ni kuwaitia mkosi, alisema, na mimi nilifurahi kwa sababu hesabu zilinishinda. Wewe ulitafuta njia. Ulisimama mlangoni pa boma jioni wakiingia, ukiwatazama rangi, yule mwenye masikio meupe, yule kilema, yule mwekundu na mtoto wake, halafu ukasema tu, “Yule wa madoadoa hayupo.” Na kweli hakuwepo. Miaka mingi baadaye ulipokuwa mkaguzi kule benki nilikuuliza unawashikaje wezi. Ukaniambia, “Sihesabu. Naangalia nani hayupo.” Nilidhani ni mzaha. Ilikuwa kazi yako, na ndiyo kazi uliyotaka kutufanyia sisi, kusimama mlangoni pa kaunti hii.

Nafika Burat sasa. Nimezunguka vya kutosha.

Ulikuja nyumbani kwangu siku mbili kabla ya kikao. Uliniambia mambo yamekwama. Wazee wa ukoo wa shemeji wamesema wewe ni binti wa kwetu, tukusimamie sisi. Wazee wa kwetu wanasema wewe umeolewa, wakusimamie waliokuoa. Wagombea wanaume hawaulizwi swali hili. Mwanamke akitaka kiti kikubwa huku kwetu, ni lazima kwanza mwanamume wa nyumba ya baba yake asimame mbele ya wazee aseme ni wa nani, na yeye mwenyewe mgombea hasemi. Niliwaka. Nilianza kukuhutubia palepale, nikakukumbusha makala zangu zote dhidi ya upuuzi huu. Ukaninyamazisha kwa mkono. “Kaka yangu amekufa, Wario. Nimebaki na wewe, mtoto wa baba mdogo. Sema maneno mawili tu: ni wetu. Halafu keti. Usihutubie.”

Maneno mawili. Mimi, ambaye nikipewa nafasi ya kuaga hunichukua nusu saa.

Kikao kilikuwa baada ya sala ya alasiri, kwenye uwanja wa Mzee Galgalo, mkuu wa wazee wetu. Wazee kumi na mmoja. Wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, jikoni pamoja na wanawake, mgombea ugavana akipika chai. Miaka yote nimekuwa nikisimama kwenye vikao hivyo kule karibu na viatu vilivyovuliwa, mtu wa kelele, mwenye magazeti kwapani. Siku ile Mzee Galgalo aliniwekea kiti cha plastiki chenye mikono, ubavuni pake. Naona aibu kukwambia jinsi kiti kile kilivyonipendeza. Nilikaa nikasahau mgongo wangu unauma.

Akaniuliza, “Wario, huyu mama ni wa nani?”

Nilisimama. Wallahi, yale maneno mawili yalikuwa mdomoni. Ndipo mzee mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, “Haya, sasa tutasomewa kitabu,” na wenzake wakatabasamu kwenye ndevu zao. Nikaona tena vile viatu. Sikutaka kurudi kwenye viatu. Nikataka wacheke pamoja na mimi, angalau siku moja. Nikasema:

“Wazee, mahari yake tulikula zamani, hata mifupa haikubaki. Mnaniuliza mimi ng'ombe aliyeuzwa ni wa nani?”

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mzee Galgalo alinipiga begani. Nilikusudia, nimejiambia hivyo miezi yote hii, nilikusudia kuendelea. Nilikuwa naidhihaki hoja yao, nilitaka wacheke halafu niwaonyeshe ubaya wa kile walichokicheka. Ndivyo ninavyoandika siku zote. Lakini karatasini msomaji huningoja. Mzee Galgalo hakungoja. Alisema, “Basi. Kaka yake amesema,” akainua mikono, dua ya kulifunga jambo ikaanza, na wote tukaitikia amina. Mimi pia niliitikia.

Ningeweza kusimama tena. Usimruhusu mtu yeyote aniambie ilikuwa haraka mno. Nilikuwa na muda wote wa chai! Kwa sababu chai ililetwa, na aliyeileta ulikuwa wewe. Mabati hayazuii sauti, sisi sote tunajua. Uliingia na chupa ya chai, leso imefungwa vizuri, ukaanza na mimi. Ulimimina, ukaninong'oneza, “Yako nimeweka sukari kidogo. Daktari alikukataza.” Ukaendelea kwa mzee aliyefuata.

Niliinywa, Dada. Niliinywa yote.

Kesho yake ulinipigia simu. Ulisema umeandika barua ya kujiondoa, na sababu umeweka ni za kibinafsi. Nikaanza kusema nitaandika makala, nitawavua nguo wazee wale wote. Ukasema, “Usiandike chochote. Ukiandika utajitetea.” Nilikutii. Maisha yangu yote sijakutii katika jambo lolote, siku hiyo nikakutii haraka sana, kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kimya kile kilinifaa mimi kuliko wewe. Uvumi ulipoanza kwamba umenunuliwa, nilijikumbusha amri yako. Ulipokuwa hospitalini nilikuja mara mbili, na mara zote mbili nikazungumza habari za siasa za nchi nyingine. Ulikuwa umechoka, ulifumba macho, nikashukuru kwamba umefumba. Siku tulipokuzika nilitia mchanga konzi tatu kama wengine, nikajipangusa, na wazee walewale wakanipa pole kama kaka wa marehemu.

Siku ile nilikuwa kaka yako. Nao wakakubali wewe ni wetu, ulipokwisha kufunikwa.

Nimewashambulia watu wengi katika maisha haya. Mawaziri, maimamu, mapadri, walimu wangu mwenyewe. Uliwahi kuniambia, “Wario, punguza kelele, ongeza ushahidi.” Haya, huu ndio ushahidi. Shahidi ni mimi na mshtakiwa ni mimi, na sina hoja ya utetezi. Yule msemaji wa redioni ni mwongo, lakini amechota maji kwenye kisima nilichokichimba mimi. Neno la kuuzwa lilitoka kinywani mwangu kwanza. Yeye amelibeba tu mpaka kwenye kipaza sauti.

Barua hii nimempa Talaso aisome kabla ya mtu mwingine. Ameisoma amesimama. Alipofika kwenye chai aliiweka chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuniita Abba, baba, kama siku zote. Alisema, “Ichapishe. Na majina yako yote matatu yawe juu.” Yatakuwepo. Nimempelekea na baba yake nakala, na Ijumaa hii nitasimama palepale ninaposimama siku zote, nione kama atanipa mkono.

Nakuaga, Dada. Sitakuomba msamaha kwa barua, kwa sababu ningeupamba, na wewe ungejua. Nakuahidi kitu kimoja kidogo. Jumamosi wazee wanakutana tena Burat kuchagua wa kumsimamia. Nitakwenda. Sitaketi kwenye kiti chenye mikono. Nitasimama kule kwenye viatu, nitasema yale maneno mawili niliyotumwa, kwa kuchelewa, kwa aibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nitanyamaza baada ya kusema. Lala kwa amani, mlinzi wetu wa mlangoni. Jioni sasa tunaingia bomani, na kila anayetazama anajua nani hayupo.

Nanyi wazee kumi na mmoja mliokuwa kwa Mzee Galgalo siku ile, mnajijua, na najua watoto wenu watawasomea hii. Jumamosi, kabla hamjainua mikono kwa dua yoyote, mwiteni Talaso. Asipelekwe jikoni. Mpeni kiti hapo katikati yenu, na chai mumimine wenyewe. Halafu semeni, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti inayopita mabati: mama yako hakuuza kitu. Aliletwa kwetu, na sisi tukacheka.

Ndugu yako,
Wario