Jina Linalotangulia Mdomoni

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na masikio yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vumbi la ofisini limenipa mafua ya wiki nzima. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha gazeti. Ni safu yangu ya Jumapili, ile ya tabia za binadamu. Mhariri anasema haijawahi kupata barua nyingi za wasomaji kama mara hii. Nakunakilia sehemu yenyewe kwa herufi kubwa kubwa, maana miwani yako naijua:

"Kwa nini mzazi huita watoto wote kabla ya kumfikia anayemtaka? Si uzee wala si ugonjwa. Watafiti waliouliza mamia ya watu waligundua kwamba tunakosea majina kwa mpangilio. Jina la mtoto hubadilishana na la ndugu yake, la rafiki na la rafiki mwingine. Ni kama akili inawaweka tunaowapenda kwenye droo moja, na mkono wenye haraka unatoa yeyote. Hata mbwa wa nyumbani huingia humo. Paka mara chache. Namjua mama mmoja, fundi cherehani, ambaye watoto wake wawili walipewa na baba yao majina ya vitu vya mezani pake: wa kwanza Kifungo, wa pili Sindano. Kifungo alifariki kwa homa akiwa na miaka kumi na mmoja. Imepita miaka ishirini na saba, na mama huyo akimwita binti yake bado huanza, 'Kifu... Sindano!' Mama huyu hajamaliza kumzika mwanawe. Anamzika upya kila anapomwita aliye hai."

Wengi wameusifu huo mwisho. Nangoja kusikia wewe unasemaje.

Mwanao,
Sindano


19 Februari

Sindano,

Marahaba. Mimi mzima. Masikio ni yale yale. Kelele za kiwanda cha kufuma ziliyachukua ujanani na hazina mpango wa kuyarudisha.

Gazeti lilifika kabla ya bahasha yako. Mama wa duka la vitambaa alikuja nalo asubuhi, akalitandaza juu ya sare nilizokuwa nakata, akanionyesha kwa kidole. Nikasoma nikiwa na chaki mkononi. Mchana akaja mteja akanishika bega na kunipa pole, kama msiba ni wa jana. Jioni mwingine akaongea nami polepole sana huku akifungua mdomo wote. Nikajua kwamba umeandika si ugonjwa, na yeye ameelewa ni ugonjwa. Umenianika, mwanangu, kama nguo za ndani kwenye kamba ya mbele ya nyumba.

Halafu kuna jambo sijalielewa, wewe msomi nieleze. Mtaa mzima wananiita Mama Kifungo. Muuza mkaa ananiita hivyo, mwalimu mkuu ananiita hivyo, hata yule anayekuja kusoma mita ya maji. Na wao hawajamaliza kuzika? Na huko kumaliza huwa ni siku ya ngapi? Mimi hakuna aliyeniambia.

Ila nimekusikia. Sitakosea tena.

Mama Kifungo


2 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba uwe mzima wakati unasoma haya, na naomba usikunje karatasi kabla ya kufika mwisho.

Nisamehe. Nilidhani nisipotaja mtaa hakuna atakayejua, nikasahau kwamba duniani hakuna mama mwingine mwenye Kifungo na Sindano. Nilitaka tu kuonyesha kwamba kukosea jina ni alama ya mapenzi. Utafiti wenyewe hausemi lolote baya juu yako. Nitakuja Aprili, nina likizo ya siku saba. Nitakusaidia kutia vifungo kwenye sare, na ukitaka kunigombeza utanigombeza uso kwa uso.

Mwanao,
Sindano


30 Aprili

Sindano mwanangu,

Marahaba mama. Natumaini basi halikukuchosha na kwamba umekuta chumba chako salama. Huku sote wazima, ila koo langu bado limekauka kama ulivyoliacha. Mama wa duka anasema sauti imekuwa ya mwanaume. Mimi naisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili, kwa hiyo sibishani naye.

Nyumba imepoa tangu uondoke. Zile sare mia na ishirini zimekwenda shuleni, na vifungo ulivyotia wewe nimevifumua vyote nikavitia upya. Umesoma sana, lakini kifungo kimekushinda.

Ile hasira imekwisha. Nimerudia kusoma gazeti lako, na habari ya mbwa imenichekesha. Kumbe ndiyo maana nilikuwa namwita marehemu baba yenu kwa jina la mbwa wetu. Hapana, lile lilikuwa kusudi.

Lakini umeona? Siku saba nzima sikukosea hata mara moja. Nilifanya mazoezi siku kumi kabla hujaja, kila asubuhi mbele ya kioo, nikijitazama mdomo: Sindano, Sindano, Sindano. Mzee naye anafundishika.

Mama yako


11 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Koo vipi? Tafadhali nenda ukaangaliwe, koo kukauka miezi mitatu si jambo la kunywea maji ya moto tu. Mimi mzima wa mwili.

Niliona, mama. Kila ulipotaka kuniita ulinyamaza kwanza. Ulinitazama, ukalipima jina kama unapima kiuno cha mteja, ndipo likatoka: Sindano. Sawasawa kabisa. Siku ya tatu nilikwenda uani nikalia, nikakuambia ni kitunguu, na siku ile hatukupika na kitunguu. Nilijiona mgeni aliyekuja kushonewa nguo.

Nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu utotoni ile "Kifu" ilikuwa inanichoma. Nilidhani ukigeuka unatarajia kumwona yeye, unanikuta mimi, basi unanichukua hivyo hivyo. Siku ya mahafali yangu uliita "Kifungo!" katikati ya ukumbi, nikajifanya sikusikia. Kwa hiyo nilipokutana na ule utafiti nilifurahi, kisha nikakasirika. Sayansi ilisema ni mapenzi na ikaishia hapo. Yale ya kuzika niliongeza mimi. Ulikuwa wivu wa mtoto wa miaka saba, nao ndio uliosifiwa na wasomaji.

Rudisha kosa lako, mama. Ukiniita sawasawa nakuwa peke yangu ndani ya ile droo.

Mwanao,
Sindano


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Keti kwanza. Barua yako imenikuta nikitoka hospitali ya pili, na nimeisoma mara nyingi.

Sikujua. Ukumbini niliona hukugeuka, nikadhani ni kelele za watu. Sikuwa namngoja yeye, mama. Nikikuona moyo unakimbia mbele, na mdomo unashika jina la kwanza ulilojifunza kushika. Yeye ndiye aliyenifundisha kuita mtoto, basi.

Sasa ya koo. Daktari ni kijana mpole, ananiandikia kwenye karatasi kwa sababu ya masikio. Aliandika "uvimbe," akasubiri nisome, kisha akaandika "saratani." Anasema imekaa palepale kwenye zoloto, yaani panapotoka sauti, na dawa ya kuaminika ni kupaondoa pote. Nitapona, anasema. Nitakula, nitashona, nitapumua kwa tundu hapa shingoni. Sauti ndiyo haitarudi. Tarehe ya kupasuliwa ni sita Julai.

Nimemwandikia chini ya maneno yake: mimi sauti yangu siisikii vizuri miaka mingi, wa kuulizwa ni binti yangu.

Mama yako


12 Juni

Mama, mama yangu,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, najua. Nimelia mpaka mhariri akanipeleka nyumbani.

Nakuja. Wiki ya tarehe 22 nina kipindi redioni kila siku, nimeshaahidi na wamekwisha kunitangaza. Kikiisha tu napanda basi, tarehe 30 niko kwako. Tutakuwa na siku sita nzima kabla ya hospitali. Hutafanya kazi. Nitazunguka nyumba, nitajificha jikoni, nitatoka uani, na wewe utaniita mpaka uchoke. Uniite vibaya, tafadhali.

Na mwambie mama wa duka akurekodi kwenye simu yake. Aweke akiba.

Mwanao,
Sindano


26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii haitapita posta. Nimeishika mkononi hapa kitandani, nakuandikia kidogo kidogo tangu asubuhi. Mama wa duka amekupata kwenye simu, amenionyesha kwamba uko kwenye basi. Ukifika usinitazame shingoni, na usiniongeleshe. Soma kwanza.

Juzi nilikwenda kupimwa, wakasema kuna mgonjwa aliyeahirisha upasuaji, nafasi imepatikana saa ile ile, na kwamba uvimbe unakua, si wa kungojewa. Mama wa duka alikupigia mara tatu, simu imezimwa. Kumbe redio ya wodini ilikuwa inakurusha wewe, uko studioni unaeleza kwa nini mtu akipiga miayo mwenzake hufuata. Aliniambia kwa ishara. Nikatazama wodi nzima inapiga miayo, mpaka yule kijana daktari na mkasi wake mfukoni. Nikacheka. Kisha nilikukasirikia, nisikufiche. Nilikukasirikia kwa muda wote ule wa kungoja, halafu hasira ikaniishia kabla ya zamu yangu.

Kuhusu kurekodi, tulijaribu wiki iliyopita. Aliniweka mbele ya simu, nikakaa wima kama mtoto wa shule, nikasema Sindano. Akanionyesha kwa mkono, hapana, kosea. Nikasema tena, Sindano. Nilijaribu kukosea, ikatoka "Kifungo" ya kusoma, haina utamu. Kuteleza hakuji kwa kuagizwa. Anazo zote kwenye simu, atakupa. Humo nimekuita sawasawa mara kumi na nne.

Nisamehe kwa hilo. Nililichukulia neno lako kwa nguvu mno, nikaufundisha mdomo adabu, na sikupata siku zile sita za kuusahaulisha.

Lakini ngoja nikwambie. Walikuwa wameshanichoma sindano ya kunilegeza, wananisukuma kwenye korido. Pale mwisho mlango ukafunguka, akasimama binti mwenye begi begani, na ile shingo yako ndefu. Nikasema amefika. Sikupima, sikungoja, nikaita. Koo liliniuma, nikajua imetoka kwa nguvu. Alipogeuka hakuwa wewe, alikuwa mwanafunzi wa uuguzi anakwenda zake. Akaja mbio akanishika mkono, nikamsoma mdomo: bibi, Kifungo ni nani? Nikataka kumjibu, usingizi ukanichukua.

Leo amekuja kunibadilisha bandeji, akauliza tena. Nimechukua kalamu nikamwandikia: ni binti yangu, yuko njiani.

Mama yenu