Dume wa Picha ya Pili

Kiabakari, 9 Juni 1989

Kaka Pastory,

Sisi wazima. Sukari imerudi dukani, na pamba ya mama haijambo.

Nimepata majibu ya picha za ng'ombe ulizoomba za kuifundishia kompyuta ya chuoni kwenu. Unasema haidanganywi na sikio lililokatwa alama mpya, maana inaunganisha pembe, nundu na baka kwa mistari, kisha inakadiria kama ni vya mnyama mmoja. Na kwamba dume wa picha ya kwanza na wa picha ya pili, karibu hakika, ni yule yule.

Kaka, hiyo "karibu" ni kubwa kiasi gani? Ya kwanza nilipiga kwa baba, kabla wezi hawajaingia zizini. Ya pili nilipiga hapa kwangu. Mume wangu alisema kamnunua mnadani Bunda.

Zamani alikuwaga hajali barua zako. Sasa kila jioni: "Kompyuta ya shemeji imesemaje?" Namjibu bado inafikiri. Usiandike tena kwa posta. Ufunguo wa sanduku siku hizi anao yeye.

Jumapili tunabatiza mtoto, na dume huyo ndiye anayechinjwa. Unajua kwetu baba mkwe huonyeshwa kwanza mnyama akiwa hai. Baba ameambiwa aje nyama ikishaiva.

Dada yako,
Nyangi