Asante Niliyoiandika kwa Jina Lako

Mama,

Hii naiandika kwa kalamu. Mambo ya mtandao yamenitia aibu mbele yako, na sijui nianzie wapi kumwomba radhi mtu niliyeshamtupia udongo kaburini.

Unaukumbuka ule ukurasa niliokutengenezea ulipostaafu ukunga pale Nyamuswa? Picha yako na gauni la kijani, na chini yake fomu: "Kama Mama Nyangeta alikuzalisha, au ulizaliwa mikononi mwake, mwandikie hapa." Nilikuwa nawaonyesha wateja wangu hapa Musoma ili wajue kazi ya tovuti naiweza. Kila nikija nyumbani unaniuliza kabla sijakaa, "Magesa, wameandika?" Nami nakujibu, "Bado, Mama." Unacheka. "Watoto wanasahauga aliyewapokea. Ndivyo walivyo." Mwaka huu uliacha kuuliza. Nililiona hilo, Mama.

Hawakukusahau. Nimelijua hilo msibani. Veronika, yule uliyemzalisha Bunda, alinivuta pembeni analia: "Mama alinikasirikia nini? Nilikuwaga namwandikia kila binti yangu akivuka darasa, hata siku moja hakunijibu." Binti mwenyewe alikuwa nyuma yake, na anaitwa Nyangeta. Kabla jeneza halijatoka ndani wakanijia wengine, swali lilelile. Nikawaambia ulikuwa unaumwa. Nilidanganya na mwili wako uko palepale.

Tulipomaliza kuzika nikarudi Musoma kuifungua ile kazi. Ni mimi, Mama. Fomu ilikuwa inatuma kila barua kwenye barua pepe yako niliyokuwa nakuangalizia, kana kwamba imetoka kwenye anwani ya mwandishi mwenyewe, na mitambo inayopokea barua pepe ikaona ni utapeli, ikazitupa. Mimi nilikuwa nimeijaribu mara moja tu, nikiandika kwa anwani ya ofisini kwangu iliyo kwenye mtambo uleule wa tovuti, kwa hiyo haikushukiwa, ikafika, nikaenda zangu kula. Na niliiamuru imwonyeshe kila mtu, "Asante, Mama amepata ujumbe wako," barua ifike isifike. Ni sawa na utingo anayekwambia mzigo wako umeshapokelewa wakati basi halijatoka stendi. Nakala sikuweka. Maneno yao yote yamepotea, siwezi kukusomea hata moja.

Na uliniambia, "Hebu iangalie tena." Nikakujibu, "Mama, kazi yangu naijua." Kiburi gani kile!

Sasa nimeitengeneza. Fomu inatuma kwa anwani yake yenyewe, yenye nywila yake, na ukibonyeza kujibu, jibu linamwendea aliyeandika. Inahifadhi nakala kabla ya kutuma, na haisemi imefika mpaka ifike kweli. Niliwaomba majirani zangu hapa Buhare waijaribu kwa simu zao, nikasubiri kwa woga. Zikafika zote.

Jana ikaingia moja isiyo ya majaribio. Ni dada mmoja wa Butiama, hana habari ya msiba. "Mama, ni mimi tena. Najua una mambo mengi. Nina mimba ya pili na naogopa kama ile ya kwanza. Siku ile ulinishika mkono ukaniimbia. Nijibu hata neno moja."

Tena, Mama. Ameandika "tena".

Nililia mbele ya mteja, akaaga taratibu akaondoka. Nilitaka kumjibu kwa jina lako, nimpe neno moja tamu asijue kitu. Vidole vilishaandika, "Mwanangu, usiogope." Nikafuta. Asante moja ya uongo kwa jina lako inatosha. Nikamwandikia kwa jina langu kwamba umefariki, kwamba barua zake hukuzipata, na kwamba kosa ni langu.

Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Alijibu mstari mmoja tu: "Kwa hiyo Mama hakuwa amenichoka?"

Hilo swali limeniua, Mama. Ndilo ulilokuwa nalo wewe juu yao, ukafa nalo.

Pumzika, Mama yangu. Siku ya kujengea kaburi watakuja wote, na nitasimama mbele yao niseme kwamba sikuwaambia kweli. Wewe nilikucheleweshea ukweli. Wao sitawacheleweshea.

Mwanao,
Magesa