Pubeli imelala kwangu

Siku ya tano, usiku.

Tena imelala kwangu. Pubeli ya takataka, karibu na kitanda changu, maganda ya muhogo na vichwa vya samaki ndani. Kifuniko hakizuii kitu.

Shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, alisema wazi: muchana asione pubeli barabarani, ni amandi, tulipe faini. Tuitoe jua likizama, wenye mukokoteni waibebe alfajiri. Vizuri. Lakini kwa mama mukwe, jua likizama takataka haitoki inje mupaka jua litoke. Ni kutupa bahati ya nyumba.

"Mukamwana, unataka mutoto wangu akose zahabu?"

Jikoni anakataa, iko chakula. Sebuleni, iko wageni. Basi, kwangu.

Leo nilimupigia mume wangu kule Kabambare, kwenye machimbo. Akacheka. "Vumilia, Mama Zaina. Yule ni mama." Hakusema anarudi lini.

Ningeitoa kwa siri, lakini naogopa. Akikosa zahabu, watasema ni mimi. Na akiipata, sijui kama atarudi. Sijui hata...

Harufu imezidi. Nimeisogeza pubeli upande wa mume wangu wa kitanda. Pako wazi siku mingi.