Tunamkaangia Mbwa Aliye Hai

Mshauri wetu Bi Zuurakan, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, ila kabla ya yote nakusihi barua hii usiisome hewani, maana mama mkwe wangu hakikosi kipindi chako hata siku moja, redio anaiweka karibu na jiko kabisa, na akijua ni mimi nimekwisha.

Nina mtoto mmoja tu, anaitwa Ulukman, ana miaka tisa. Kabla yake nilizika wawili wakiwa wachanga, kwa hiyo yeye alipozaliwa mama mkwe hakutaka mchezo, alikishona kile kishati cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akakivalisha mbwa kwanza kama desturi yetu inavyotaka, ili mabaya yote yabaki kwa mbwa, ndipo akamvalisha mtoto. Mbwa huyo naye alikuwa mdogo, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, ana shingo nyeupe, tukamwita Moynok. Wakakua pamoja, tena peke yao, maana mume wangu Kubat alikuwa anachunga kondoo wa watu na kambi yetu ya msimu wa baridi ilikuwa mbali na kila kitu, hakuna jirani, hakuna mtoto mwingine, theluji ikianguka ndiyo basi mpaka majira ya kuchipua. Ulukman alijifunza kutembea ameshika manyoya ya Moynok. Alichelewa kusema, na alipoanza, alisema na Moynok kwanza, sisi tukawa tunasikia pembeni, na nikikuambia sikuona wivu nitakuwa nakudanganya.

Mwaka jana tukahamia mjini Naryn ili asome, tukapata nyumba ya ghorofani, na Moynok tukamfunga chini uani penye vibanda vya makaa. Asubuhi mtoto anashuka kumuaga, akitoka shule anakaa naye mpaka nimwite mara tatu, na mimi nikasema atazoea, atapata rafiki. Hakupata. Mwalimu aliwauliza watoto kila mmoja ana ndugu wangapi, yeye akasimama akasema, "Mmoja, Moynok, yuko uani." Tangu siku hiyo akipita wenzake wanashika pua, wanamuuliza leo umekula mfupa gani.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Tuliitwa mkutano wa wazazi, nimevaa koti langu zuri, nimekaa na akina mama wa mjini wenye kucha zao za rangi, na mmoja akaniinamia akaniuliza taratibu, kama anayenihurumia, "Hivi ni kweli mwanao analala na mbwa?" Nikamjibu, "Mbwa gani? Hatuna mbwa." Nimeinua macho, Ulukman yuko mlangoni ameshika kofia yake, amekuja kuniuliza kama tunaondoka. Akavaa kofia, akatangulia kutoka.

Bi Zuurakan, badala ya kumwomba radhi mwanangu mimi nikaona njia rahisi ni kuufanya uongo wangu uwe kweli, kwamba mbwa asiwepo, basi niwe sikusema uongo. Nikamwambia Kubat ampeleke Moynok kwa binamu yake Sapar, anayechunga kule juu, na yeye akampakia kwenye lori mtoto akiwa shule. Mtoto aliporudi nikamwambia kwamba Moynok amezeeka, amekata kamba usiku akaenda mlimani kufa peke yake, kama wanavyofanya mbwa wema wasiotaka kuwahuzunisha wenyewe. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu, "Alikusikia uliposema hatuna mbwa?" Nikamwambia mbwa haelewi maneno ya watu. Akasema, "Moynok anaelewa," akaenda kukaa chumbani.

Ningeweza kuishi na hilo, Mungu anisamehe, watu wanaishi na mengi. Ila wiki iliyofuata, Alhamisi, mama mkwe anakaanga borsok kama kawaida, yale maandazi madogo, ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wetu na wasijione wamesahauliwa, Ulukman akamwendea akamuuliza, "Bibi, Moynok nani anamkaangia?" Mama mkwe akamwambia, "Mjukuu wangu, mbwa hakaangiwi." Mtoto akajibu, "Lakini yeye alivaa shati langu kabla yangu." Mama mkwe akaacha kukaanga. Akanitazama mimi, muda mrefu, mpaka nikageukia sufuria. Halafu akasema, "Ongeza unga, mwanangu. Yapo ya watu, na yawepo ya mbwa."

Tangu siku hiyo kila Alhamisi ni mimi ninayekanda. Mama mkwe anakaa kwenye kigoda chake na tasbihi, anawasomea marehemu, mtoto anafungua dirisha la upande wa mlimani ili harufu itoke vizuri, tunatetemeka kwa baridi, na hakuna anayemwambia afunge. Anasimama pale mpaka mafuta yapoe. Mimi nakanda unga wa matanga ya mbwa ambaye asubuhi hiyohiyo Sapar amemwambia mume wangu kwa simu kwamba anakula vizuri ila miguu ya nyuma imechoka. Nikimwambia Kubat tufanyeje, ananijibu, "Uliyesema ni wewe. Mimi niliendesha gari tu."

Na sasa mambo yamenifika shingoni. Mke wa Sapar yuko karibu kujifungua, naye pia alishapoteza mtoto, kwa hiyo wamemwomba mama mkwe aende kushona kishati, na wamesema waziwazi kwamba wanataka kivalishwe Moynok, kwa sababu ni mbwa aliyeleta mtoto akaishi. Ujumbe niliupokea mimi, mama mkwe nimemwambia tu kwamba anaitwa kushona. Amefurahi, anasema Ulukman ataenda naye, hewa ya mlimani itamrudishia rangi. Nimewaza nimwombe Sapar amfiche Moynok kwa mchungaji mwingine mpaka sherehe ipite, atafute mbwa yeyote wa kuvalishwa, au nimwambie mtoto kwamba yule ni mbwa mwingine anayefanana naye. Nikilala naona vidole vyake vimeshika kofia pale mlangoni. Nifanye nini, dada yangu, na nikisema ukweli, mwanangu atanitazama tena?

Mama mwenye haya, Naryn

*

Mwanangu, barua yako nimeisoma nikakasirika, nikaiweka, nikanywa chai, nikaisoma tena nikakuonea huruma. Nakujibu kwa mkono wangu kama ulivyotaka. Hewani sitaisoma mpaka uniambie kwamba umeshasema ukweli nyumbani kwako na umeniruhusu, kwa hiyo siku wasikilizaji watakapoisikia, wajue kwamba mama huyu alisema.

Kwanza tuelewane kuhusu kosa lenyewe. Wewe unaona haya kwa sababu ya uongo wa mlimani. Huo ulikuja baadaye. Rudi mlangoni pale penye kofia. Mtoto ambaye hana ndugu wala rafiki alikusikia ukimkana mmoja aliyekuwa naye, na siku chache baadaye ukamwambia huyo mmoja amekwenda kufa. Akakuuliza kama mbwa alisikia. Hukuelewa alichokuuliza? Mwanao anaamini Moynok alikufa kwa sababu yenu, kwa sababu mlimwonea haya. Na yeye mwenyewe ananuka mbwa, watoto wamemwambia, kwa hiyo anajiuliza na yeye atakanwa lini. Huo ndio mzigo anaosimama nao dirishani kila Alhamisi, na wewe umemwachia aubebe peke yake ili usijisikie vibaya mbele ya wanawake wenye kucha.

Nimemaliza kufoka. Hapana, bado kidogo. Hiyo hila ya kumficha mbwa iache kabisa. Sapar atakubali, mkewe atakubali, mumeo atanyamaza kama kawaida yake, na huyo nitakuja kumsema siku nyingine, maana lori halikujiendesha. Lakini Moynok utamwambiaje? Akipata harufu ya mtoto huyo atakata mnyororo, miguu mibovu au mizima. Na ukimwambia mwanao kwamba huyo anayemlamba uso ni mbwa mwingine, atakutii, atasema sawa mama, na hapo ndipo utakuwa umempoteza kweli.

Kuhusu mama mkwe wako, nakushangaa. Mimi nimekulia kwenye mahema ya wachungaji kama ninyi, nawajua wanawake wa umri wake. Wao hawamruhusu mbwa hata kuchungulia mlangoni. Leo huyo akubali mafuta yake yakaange ya mbwa, tena aseme wewe ndiye ukande? Yeye anafahamu jambo, au ameliona usoni kwako, na kila Alhamisi anakukalia kwenye kigoda akikupa nafasi ya kufungua mdomo. Wewe unageukia sufuria.

Sasa sikiliza. Usingoje mtoto wa watu azaliwe. Moynok ana umri wa Ulukman na zaidi kidogo, na miaka tisa kwa mtoto ni mwanzo, kwa mbwa ni jioni. Akifa kweli wiki hii, utamwambia nini mwanao, kwamba amekufa mara ya pili?

Alhamisi hii kandeni mapema, kabla ya mchana. Kabla hujatia unga kwenye mafuta, mwite Ulukman, kaa chini mwangaliane macho, na useme kwa maneno machache. Moynok yuko hai. Yuko kwa Sapar. Nilimtoa mimi. Nilikudanganya. Niliona haya mbele ya watu, na haya hayo yalikuwa kosa langu, si lako wala la Moynok. Usimwambie ulifanya kwa ajili ya shule yake, usilie ili akubembeleze, usimwahidi baiskeli. Akikukasirikia, mwache akasirike, ana haki. Akikuuliza tena kama mbwa alisikia, mwambie, huenda alisikia, na ndiyo maana tunaenda kumwomba radhi.

Halafu kaangeni, na siku hiyo dirisha lifungeni. Ya marehemu wa nyumba yasomewe na bibi kama kawaida. Ya Moynok yatie kwenye mfuko yakiwa ya moto, Kubat awashe gari, muondoke wote. Mkifika mpe Ulukman mfuko, aende nao mwenyewe, mbwa ale kwa mdomo wake alichokaangiwa majira yote ya baridi. Wewe kaa garini mpaka mwanao akuite, au mmoja wao akufuate. Habari ya kishati cha mtoto wa Sapar, aulizwe Ulukman kama ndugu yake atavaa, na akikubali, yeye ndiye amshike wakati wa kumvalisha. Habari ya kumrudisha mjini au kumwachia mlima wake, amueni mkiwa na mtoto, mkitazama hiyo miguu ya nyuma.

Unauliza kama mwanao atakutazama tena. Sijui, huenda ichukue muda. Moynok atakutazama kabla yake, atakujia mpaka kwenye mlango wa gari akitikisa mkia kana kwamba hukumfanya kitu, na itakuuma kuliko matusi. Usimkwepe. Shuka, piga magoti kwenye matope na koti lako zuri, umshike shingo. Watu watakuwepo, jamaa wa Sapar, wageni, labda na mtu wa mjini. Na akitokea mmoja kuuliza mbwa huyu ni wa nani, usimwachie Kubat ajibu. Jibu wewe, kwa sauti ambayo mwanao ataisikia: ni wetu.